Nilivyoiacha Tenisi Nikiwa Bado Nashinda

Walisema sitaweza. Nianze hapo, kwa sababu wengi wa waliosema bado wako hai na wanajua kusoma.

Walisema mtoto wa fundi cherehani wa Ngarenaro hawezi kuwafunga watu wa klabu kwenye mchezo wao. Nilipowafunga, wakasema sitapata pasipoti. Nilipopata pasipoti, wakasema sitapata dola. Nilipopata dola, wakasema nitarudishwa nikiwa bado uwanja wa ndege. Mwaka wa kwanza nikamtumia mama picha: nimesimama kwenye theluji, nimevaa kaptula nyeupe, raketi mkononi. Kinyozi wa mtaani kwetu aliishika ile picha, akaitazama nyuma, akaitazama mbele, akamrudishia mama.

"Hii ni studio," akasema.

La mwisho walilosema ndilo lililoniuma: kwamba watu watatu walionikopesha ili nisafiri wameitupa mali yao, na wasisubiri kitu.

Yote waliyosema siwezi nimeyafanya. Nimecheza tenisi ya kulipwa katika nchi nyingi kuliko vidole vyangu vya mikono na miguu. Nina stashahada ya ujenzi na utunzaji wa viwanja vya michezo, niliyoisomea kwa Kijerumani, lugha niliyojifunza nikiwa mtu mzima. Viwanja vizuri vya tenisi kati ya Ngaramtoni na Kikatiti vingi nimevijenga mimi, na vile vibaya niliitwa baadaye kuvirekebisha. Sioni haya kusema hivyo. Nilianza na cherehani ya baba na mlo mmoja kwa siku, na leo nasaini mikataba kwa kalamu yangu mwenyewe. Lakini kila ninapojisifu hukumbuka watu watatu, na sura hii ni yao.

Vijana ninaowafundisha huniuliza: "Kocha, kwa nini uliacha mapema? Ulikuwa na miaka ishirini na sita tu." Wanadhani niliumia goti. Wengine wanadhani nilishindwa sana nikakata tamaa. Mimi niliacha kwa sababu ya mechi niliyoshinda.

*

Tenisi niliijulia kazini. Klabu ya pale mjini ilikuwa na viwanja vya udongo mwekundu, na ilikuwa inaajiri vijana tulioitwa maka. Maka ni mtu anayelipwa kupigiana mipira na mwanachama aliyekuja bila mwenzake. Mwanachama akitaka kushinda, unamwachia. Akitaka kutoka jasho, unamkimbiza. Kazi hiyo ilinifundisha kumsoma mtu kabla hajapiga, na hakuna kocha wa Ulaya aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Arusha iko juu. Hewa yetu ni nyepesi na mpira huruka kama umefukuzwa. Aliyejifunza kuutia mpira ndani ya mistari chini ya Mlima Meru anaweza kuutia popote. Nilipoanza kwenda mashindano ya Nairobi na Lusaka, watu walishangaa jinsi nilivyokuwa sikosei. Nilikuwa bingwa wa nchi kabla sijaota ndevu vizuri.

Miaka hiyo nchi ilikuwa inafunguliwa. Kabla ya hapo, mtu wa kawaida kushika dola ilikuwa kesi. Ghafla maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa barabarani, na dola ikawa bidhaa kama sukari, ukiwa na shilingi. Baba yangu mambo hayohayo yalimvunja. Mitumba iliingia kwa marobota, na hakuna aliyetaka tena kushonewa suruali. Kwa hiyo mlango uliomfungia baba ndio ulionifungulia mimi, na baba hakuwa na cha kunipa zaidi ya suti moja aliyoishona kwa kitambaa cha mwisho dukani kwake. Niliivaa kwenye kila ubalozi nilioomba viza.

Mtaji wa kuondokea niliukopa. Waliokubali walikuwa watatu.

Wa kwanza alikuwa mzee wa duka la spea za magari, Mwislamu wa kutoka Kondoa, ambaye hakuwa ndugu yangu kwa damu wala kwa dini. Alikuwa ananiona nikipita dukani kwake kila asubuhi nikikimbia. Yeye alinikopesha dola. Wa pili alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa anauza ndizi kwa jumla Kikatiti. Alikuwa kwenye upatu wa akina mama wenzake, na zamu yake ilipofika, fungu lote akanipa. Wa tatu alikuwa mjomba, kaka yake mama, mkulima wa kahawa juu ya Tengeru. Mjomba alikuwa na mtamba mmoja mwenye mimba. Alimpeleka gulioni Ngaramtoni, akamuuza, akaniletea fedha zikiwa zimefungwa kwenye leso.

Hakuna aliyeniandikisha chochote. Mjomba alisema maneno machache tu: "Mpwa wangu, huyu ni ng'ombe. Usisahau kwamba ni ng'ombe."

*

Msomaji anayewaona mabingwa wa tenisi kwenye televisheni asidhani na sisi tuliishi hivyo. Katika ubora wangu kulikuwa na watu mia saba na kitu duniani waliokuwa mbele yangu. Fikiri dunia ilivyo kubwa, kisha fikiri ni watu wangapi wanaweza kusema hivyo kuhusu kazi yoyote. Mimi najivunia mpaka leo. Lakini pesa ya tenisi inaishia kwa watu mia wa kwanza, au mia na kidogo. Wengine wote tunalipia wenyewe kila kitu: nauli, chumba, chakula, nyuzi za raketi, mipira ya mazoezi, na viza. Mzungu anaamua Ijumaa kwenda nchi ya jirani kucheza Jumamosi. Mimi nilihitaji wiki tatu, barua mbili za mwaliko na ile suti ya baba.

Nilijua kuwamba raketi. Klabuni Arusha tulikuwa tunaziwamba kwa mkono, tunakaza uzi kwa kuuzungusha kwenye kijiti. Ulaya nikanunua mashine ndogo iliyotumika, na jioni baada ya mechi nilikuwa nawamba raketi za wenzangu kwa malipo. Wengine walikuwa wananifunga mchana uwanjani na kuniletea raketi jioni. Nilizipokea kwa furaha. Kusema ukweli, kwa miezi mingi hizo raketi zao ndizo zilizonilisha. Ningekuwa mtu wa kusikiliza, hapo ningesikia.

Kila mwaka mmoja wetu alitoweka. Hakuna aliyeaga. Unafika kwenye mashindano, unauliza, "Yule Mmisri yuko wapi?" Unaambiwa anauza matairi kwa baba mkwe wake. Yule Mromania? Anaendesha teksi. Walikuwa na miaka ishirini na nne, ishirini na tano, na mikono yao ilikuwa mizima kabisa. Mimi niliwadharau. Niliwaita waoga. Nilijiambia wao hawana ng'ombe wa mjomba begani. Mimi nilikopa kwa ajili ya tenisi, basi nitalipa kwa tenisi, na siku nitakayoiacha kabla ya kulipa nitakuwa mwizi wa watu watatu waliokuwa hawana cha kuibiwa. Wazo hilo lilinibakiza uwanjani miaka miwili zaidi ya ilivyopasa.

Halafu ikaja ile wiki.

Ulikuwa mji mdogo wa kusini mwa Ulaya, wenye mashindano ya daraja la chini kabisa. Nilipita mchujo, na Jumatatu nikapangiwa kijana wa palepale, aliyenizidi nafasi zaidi ya mia tatu, ambaye mabango ya mashindano yalikuwa na sura yake. Nilimfunga. Nilimfunga mbele ya mama yake na mbele ya meya wa mji. Sijawahi kucheza vile kabla ya hapo wala baada. Mpira ulikuwa unanitii kama nauambia kwa Kiswahili.

Nilirudi chumbani nikiimba. Nilikuwa napanga chumba na Mzambia mmoja, mtu mpole mwenye mke na mtoto Ndola, tuliyezunguka naye misimu mitatu tukigawana mkate na sabuni. Yeye alikuwa ametolewa siku hiyohiyo. Nilimkuta amekaa kitandani anakata nyuzi za raketi zake kwa mkasi.

"Unafanya nini? Hizo nyuzi nimekukazia juzi tu," nikamwambia.

"Naziuza fremu tupu. Mnunuzi hataki nyuzi." Akaendelea kukata. "Hongera. Nimesikia umemuua mtoto wa meya."

"Si mtoto wa meya."

"Basi meya amelia bure. Sasa, bingwa, utalala wapi kesho?"

"Hapahapa."

"Chumba tumelipia mpaka kesho asubuhi."

"Nitalipa kwa zawadi ya leo."

"Zawadi ya leo inalipa chumba na supu. Na basi je?"

Hapo ndipo nilipokumbuka basi. Mashindano ya wiki iliyofuata yalikuwa nchi nyingine, na tiketi ya bei rahisi ilikuwa lazima uikate mapema, wala hairudishwi. Yangu ilikuwa ya Jumanne asubuhi. Kwa kushinda nilikuwa nimeipoteza tiketi, nimeongeza gharama ya chumba na chakula, na kama ningeshinda tena Jumatano nisingewahi kujiandikisha kwenye mchujo wa mashindano ya mbele. Nilikaa kwenye kitanda changu nikapiga hesabu kichwani mara mbili. Ushindi mkubwa kuliko wote maishani mwangu ulikuwa umenitia hasara.

Mzambia akaniangalia. "Leo umegundua?"

"Nini?"

"Tiketi yako ni ya Jumanne. Mtu anayeamini atashinda Jumatatu hakati tiketi ya Jumanne, ndugu yangu. Wote tumekata ya Jumanne. Mimi nimekata za Jumanne mwaka mzima."

Akaweka mkasi chini.

"Mwezi uliopita mke wangu aliniuliza kwenye simu, unarudi lini? Nikamwambia, nikitolewa. Akasema, basi Mungu anisamehe, nakuombea utolewe. Mimi nikakasirika. Leo nilipopiga ule mpira wa mwisho nje, unajua nilisema nini moyoni? Nilisema amina."

Kesho yake alipanda basi na begi la nguo tu. Mimi niliingia uwanjani Jumatano nikatolewa katika seti ya tatu, kwa heshima, watu wakinipigia makofi. Ninapoulizwa kwa nini wachezaji wa chini wanaacha mapema, huwa nawaeleza habari ya tiketi ya Jumanne. Kushindwa tulikuwa tumekuzoea wote. Tulichoshindwa kukizoea ni kwamba hata tukishinda, maisha yanabaki palepale au yanarudi nyuma, wakati nyumbani mtoto anaota meno.

*

Krismasi ile nilirudi Arusha. Wachaga wote walikuwa barabarani kuelekea kwao, magari yamejaa mbuzi na masanduku ya soda, na mimi nimekaa kwa mama Ngarenaro nikitafuta namna ya kuwaambia watu watatu kwamba nataka kuacha na sina chao.

Nikakumbuka isale. Kwetu Wachaga upande wa baba, na kwa Wameru upande wa mama pia, isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu akikupelekea jani la isale, jambo ni zito. Nilikuwa nimeliona mara moja tu utotoni, na kwa miaka mingi ya kuishi ndani ya mabasi ya watu nilibaki na hilo tu: jambo likiwa zito, peleka isale. Nikakata majani matatu mazuri nyuma ya nyumba ya jirani, nikatoka.

Nilianzia kwa mzee wa spea, kwa kuwa alikuwa karibu. Nikamwamkia, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Akalipokea, akaligeuza, akalinusa.

"Mbuzi wangu hali haya, kijana."

"Ni isale, mzee. Kwetu ni heshima."

"Ahaa. Ahsante." Akaliweka juu ya boksi la plagi. "Unaumwa?"

"Hapana, mzee. Nataka kuacha tenisi."

"Haya."

"Na dola zako, mzee..."

"Unazo hapo?"

"Sina."

"Basi leo hatuzungumzi dola. Unazungumza habari ya kazi. Kaa." Nikakaa juu ya tairi. "Hapa unapopaona pana vyuma palikuwa na viatu. Mimi nimeuza viatu miaka na miaka. Vya Bora, vya Moro, vya ngozi vya kutengenezea hapahapa. Mitumba ikaja. Mtu ananunua jozi mbili za Mtaliano kwa bei ya kandambili zangu. Nilikaa mwaka mzima nawatazama wanapita. Mwaka mzima, unasikia? Kila siku nasema viatu ndiyo kazi yangu. Halafu nikaona hao wenye mitumba wanaileta kwa magari, na magari yanaharibika. Nikafunga viatu, nikafungua spea. Umeona mtu amekuja kunililia?"

"Sijaona, mzee."

"Wewe umekaa mwaka mzima?"

"Miwili."

"Lo! Umenishinda ujinga," akasema, akacheka mpaka wateja wakageuka. Nilitoka pale mwepesi kidogo.

Kwa mjomba hakukuwa na kicheko. Nilipanda kule juu asubuhi, njia ina utelezi, migomba inadondosha maji. Mjomba alikuwa mbele ya nyumba anaambua kahawa na mke wake. Nikasema, "Shikamoo mjomba," na kabla hajaitikia akaliona jani. Hakuitikia. Alisimama, kahawa ikamwagika mapajani.

"Umeua?" akaniuliza.

"Mjomba?"

"Nakuuliza, umeua mtu?"

Mke wake akashika kichwa. "Ni binti wa watu. Nilisema mimi! Binti wa nani? Sema sasa hivi kabla hawajafika!"

"Hapana! Nimekuja kuomba. Nataka kuacha tenisi, na ng'ombe..."

Mjomba akauliza polepole, kama mtu anayehakikisha amesikia vizuri. "Umeniletea isale kwa ajili ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mjomba. Kwa heshima."

"Wewe mtoto unajua mtu akiletewa isale hawezi kukataa? Anayeleta isale amekosa, anaomba kusamehewa, na mimi nikilipokea nimesamehe. Nimesamehe ng'ombe! Unataka kunipora ng'ombe wangu kwa jani?"

Mke wake ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Huko Ulaya wamemharibu! Wenzio wanapora kwa bunduki!"

Mjomba hakucheka. Aliniamuru nilichukue jani langu nikalipande mpakani, pale palipokuwa na pengo, nikalipanda huku anasimamia. Ndipo akaniitikia salamu. Tukakaa, nikanywa uji, nikamweleza yote: chumba, basi, Mzambia, ile mechi. Alisikiliza kama anavyosikiliza habari za mvua.

"Sasa nani alikuambia unilipe kwa mpira?" akauliza mwishoni.

"Nilikopa kwa ajili ya mpira."

"Ulikopa ng'ombe. Nataka ng'ombe. Ukimpata kwa mpira, kwa kulima, kwa kuosha vyombo, akifika hapa atakula majani yaleyale. Wewe miaka yote hii ulikuwa unafikiri mimi huku nahesabu magoli yako?"

"Tenisi haina magoli, mjomba."

"Unaona? Hata hilo sijui."

Shangazi wa Kikatiti habari zilimfikia kabla yangu. Aliponiona nashuka barabarani alipaza sauti kutoka kwenye rundo la ndizi, mbele ya wateja: "Usiniletee majani! Majani nashinda nayo! Kunja mikono ya shati njoo upakue hizi!" Nikapakua ndizi mpaka mchana, na tulipomaliza akanipa chakula, akaniambia niende nikatafute kazi inayojua kwamba nina kichwa. Hilo ndilo neno lote alilosema kuhusu tenisi.

Nimekaa na watu wenye fedha nyingi tangu wakati huo. Sijakutana na wakopeshaji kama wale. Waliidai mali yao kwa nguvu zote, na mimi wakaniacha huru. Wangeisamehe, ningeondoka pale nimeinama na ningebaki nimeinama mpaka leo.

*

Nilicheza msimu mmoja zaidi, lakini kwa hesabu nyingine. Klabu za vijiji vya Ujerumani huajiri wachezaji wa daraja langu kuwachezea ligi yao ya wikiendi, na klabu moja ilinichukua, ikanipa chumba juu ya stoo ya vifaa. Kila asubuhi nilikuwa namsaidia mtunzaji wa viwanja kumwagilia, kuburuta brashi na kushindilia. Viwanja vyao ni vya matofali yaliyosagwa. Nikashika ule unga mwekundu kiganjani, nikaona Arusha: vilima vya changarawe nyekundu ya volkano kuzunguka Meru, na tanuri za matofali kila bonde. Tulikuwa tunatembea juu ya viwanja vya tenisi tangu enzi za mababu.

Ligi ilipoisha niliwaambia sitacheza tena, nikajiandikisha chuo. Darasani nilikuwa mweusi peke yangu na mkubwa kuliko wote, na mtihani wa udongo niliongoza. Mwalimu aliuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia, kazini.

Nilirudi na stashahada, mashine ya kuwambia na rola ndogo ya kushindilia iliyonigharimu kuliko nauli yangu. Mtaani walisema amerudi na jiwe. Nikapanga eneo Terrat, ambako vumbi ni la bure, nikaajiri vijana wawili, nikaanza kusaga matofali mabovu na kuchekecha changarawe. Miezi ya mwanzo hakuna aliyekuja. Ila mji ulikuwa unabadilika. Hoteli za watalii zilikuwa zinaota, wageni wa kazi za kimataifa walikuwa wanapanga majumba makubwa, na kila mmoja alitaka uwanja. Waliokuwepo kabla yangu walimwaga saruji, ikapasuka mvua ya kwanza. Uwanja wangu wa kwanza ulinyeshewa masika yote, na baada ya kila mvua ukakauka na watu wakacheza mchana uleule. Baada ya hapo sikutafuta kazi tena. Kazi ilikuwa inanitafuta Terrat, na vumbi likiwa limejaa kwenye vioo vya magari yake.

Kiwanja cha nne kilipolipwa nilikuwa na vya kulipia madeni yote matatu.

*

Nililipa wote siku moja. Ningeweza kuwalipa mmoja mmoja, lakini nilitaka nilale usiku mmoja nikiwa nadaiwa na watu watatu, na usiku unaofuata nikiwa sidaiwi na mtu.

Asubuhi nilikwenda dukani kwa mzee wa spea nikampa dola zake kwa dola, pamoja na nyongeza. Nyongeza akanirudishia, akisema dini yake hairuhusu, na kwamba kama nina dola za kuchezea ninunue shokomzoba kwa ajili ya gari langu, alikuwa amelisikia likija tangu kona. Nikanunua nne. Alinipunguzia.

Mchana nilikuwa Kikatiti. Shangazi alikuwa ameniagiza nije siku ya upatu, na nilielewa nilipofika: wale akina mama wote walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, na alitaka fungu lirudi mbele ya waliolichanga. Nilimkabidhi nikiwa nimepiga goti. Akalipokea, akalitia kwenye khanga bila kuhesabu, wenzake wakapiga vigelegele mpaka magari ya Moshi yakapunguza mwendo. Akaniambia, "Nyanyuka, utachafua suruali," na akawa anajifuta macho.

Ng'ombe nilikuwa nimemnunua gulioni Ngaramtoni nikamlaza zizini kwa fundi wangu mmoja, Tengeru. Alikuwa na mimba kama yule wa mjomba, na ndama wa kwanza pembeni, kwa sababu miaka ilikuwa imepita na ng'ombe wa watu hakai bure. Tulipanda naye kwa miguu, mimi mbele na kamba, ndama nyuma.

Mjomba alitoka, akamzunguka. Alimfungua mdomo akatazama meno. Alimshika kiwele. Alimpapasa mgongo wote kwa kiganja, kutoka shingoni mpaka mkiani. Kisha akamtazama ndama.

"Na huyu?"

"Ni wako, mjomba. Wako angeshazaa."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kuleta maji. Mke wake akanisogelea, akanong'ona, "Unajua kwenye kilabu cha pombe walikuwa wanamwita nani? Tenisi. Tangu siku ile alipouza ng'ombe. Akiingia tu: Tenisi amekuja, mpisheni Tenisi. Miaka yote. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Kwenye barua alizoniandikia kulikuwa na mvua, kahawa na salamu za jamaa.

Mjomba akatoka amevaa koti lake la kanisani. Akachukua kamba mkononi mwangu, akamgeuza ng'ombe, akaanza kushuka njia ya barabarani.

"Mjomba, zizi liko huku."

"Zizi langu nalijua."

Tukashuka, yeye mbele, mimi nyuma nikimswaga ndama. Tulipita kanisani, tukapita ghala la kahawa, tukapita duka la kona ambako wanaume walikuwa wanacheza bao. Alikwenda taratibu sana. Penye mtu alisimama, akavua kofia, akasalimia, akauliza habari za watoto, habari za migomba. Habari ya ng'ombe hakuigusa. Alisubiri tu, kamba mkononi, mpaka mwenyewe ashindwe kuvumilia.

Mlangoni pa kilabu walitoka kama sita hivi, vibuyu mkononi. Mmoja wao, mzee mwenzake, alimtazama ng'ombe, akamtazama ndama, akanitazama mimi.

"Umenunua ng'ombe?" akauliza.

"Nimerudishiwa," mjomba akajibu, na tukaendelea na safari.